Siku moja maishani mwangu: bamvua, boti za kioo na foleni ya Casuarina

Saa kumi na moja na nusu alfajiri

Nikishaswali, cha kwanza ni jedwali la maji lililobandikwa nyuma ya mlango. Leo Jumamosi ni bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida. Maji yatakupwa kabisa saa nne na robo. Kwa nahodha wa boti ya kioo, yaani boti yenye kioo chini cha kutazamia baharini, hapa Malindi hiyo ndiyo ratiba, mengine yote yanaifuata. Maji yakipwa, matumbawe yanakaribia kioo na hata asiyejua kuogelea anaona samaki. Yakijaa, mgeni anaona kijani kitupu, halafu anadai arudishiwe pesa.

Saa moja asubuhi

Mahamri, mbaazi za nazi, chai. Simu haikomi: "Nahodha, una nafasi?" Ni Februari, kaskazi, upepo utokao kaskazini, imepoa, na siku nzuri si nyingi kiasi hicho. Mvua zikinyesha bara, mto Sabaki humwaga tope baharini na kaskazi hulisukuma hadi kwetu. Kusi nayo, upepo utokao kusini, ikishika, bahari huchafuka na boti nyingi hupandishwa juu. Basi siku kama ya leo kila mtu anaitaka, na wote wanaitaka saa ile ile.

Saa tatu

Mtu asiyeijua Casuarina, lango la hifadhi yetu ya bahari, siku ya bamvua aje asimame hapa chini ya mivinje. Vani za watalii zimepanga pande zote mbili za njia, tuktuk zimejipenyeza palipobaki, na basi la shule limekuja kichwa mbele, halina pa kugeukia. Utingo analipiga ubavuni kwa kiganja: "Rudi! Rudi! Kata yote!" Mama anayeuza madafu anainua beseni lake, anasogea, basi linarudi hatua mbili, anasogea tena. Nyuma kuna vani ya Waitaliano, dereva kazima injini kabisa. Wageni wamechoka kungoja, wameshuka na miwani yao ya kuzamia na wanatembea kwa miguu. Mimi na jerikeni la petroli mabegani napita katikati nikiomba radhi kushoto na kulia.

Hakuna aliyekosea hapo. Basi limekuja saa ya maji kupwa, na vani vilevile.

Saa nne

Foleni ya nchi kavu imehamia baharini. Hifadhi hii ya Bahari ya Malindi ilitangazwa 1968 pamoja na ile ya Watamu, na ukubwa wake ni kilomita za mraba 6 na ushei tu. Boti zote hazisambai humo. Zinakwenda kwenye matumbawe yale yale mazuri. Kutia nanga juu ya matumbawe ni kuyavunja, kwa hiyo tunafunga kwenye maboya. Boya likishapata boti, anayefuata anaifunga yake kwenye boti ya mwenzake, na wa tatu kwa wa pili, mpaka tunasikia wageni wa jirani wanavyosimuliana.

Mgeni wangu mmoja anachoka kuogelea na kusimama. Kwa mguu! Namwita kwa Kiitaliano changu cha ufukweni alale juu ya maji. Alikuwa amekanyaga tumbawe la matawi, na kipande kimekatika. Mwaka 1998 bahari ilipopata joto matumbawe mengi ya hapa yaligeuka meupe yakafa. Joto la bahari siliwezi, lakini mguu wa mgeni naweza kuuzuia, ila si pale watu wanapojazana hivi na kila nahodha ana macho mawili.

Saa sita

Maji yanajaa, wote tunarudi pamoja. Foleni ile ile, imegeuka mkia tu.

Saa nane mchana

Baraza la maoni, palepale kwenye mivinje, viti vya plastiki. Katiba ya 2010, Ibara ya 69, inaitaka Serikali ihimize wananchi washiriki katika kusimamia na kuhifadhi mazingira, na leo tumeitwa tuseme kuhusu msongamano na maegesho. Tumepewa fomu. Swali la tatu: msongamano huwa wakati gani? Visanduku ni asubuhi, mchana, jioni.

Nimekitazama kile kisanduku cha "asubuhi" muda mrefu. Leo ni asubuhi, kweli. Lakini saa ya maji kupwa huchelewa kwa wastani wa dakika 50 kila siku. Wiki ijayo yatakupwa jioni na asubuhi hapa patakuwa patupu, utacheza mpira. Nikaandika pembeni: "Inategemea maji."

Kijana mmoja, mwongoza watalii, akasimama na hoja ya kisomi. Kule Marekani, hifadhi ya Arches, yenye matao ya mawe, mwaka 2022 iliwataka wageni waweke nafasi ya saa ya kuingia kabla hawajafika. Nasi tufanye hivyo. Nikamwambia, "Mwanangu, wazo lako zuri, ila matao ya mawe hayazami. Ukimwandikia mtu saa nne kila Jumamosi, Jumamosi nyingine utamleta kuangalia maji matupu." Watu wakacheka, naye pia. Lakini afisa aliyekuwa akiandika aliinua kichwa, akaniuliza ningependa iweje.

Nikasema: zamu zipangwe kwa jedwali la maji. Waogeleaji waingie mapema maji yakiwa bado yanatoka, watoto wa shule wanaotazama kwa kioo wapewe maji yaliyopwa, wengine wafuate yanapoanza kujaa. Magari yashushe watu yaondoke. Safari ni kama saa mbili, dereva ana haja gani ya kungoja langoni?

Dereva wa vani akapinga papo hapo. "Mzee, hoteli chai yao ni mpaka saa tatu na zaidi. Nani atamtoa mgeni mezani?" Na wa tuktuk akaongeza kwamba huko kwa kungojea, kama hakuna kivuli wala choo, watarudi langoni tu. Hayo nayo ni kweli. Mama wa madafu hakusimama kusema. Aliniomba nimwandikie kwamba magari yakihamishwa, naye aruhusiwe kuyafuata.

Saa kumi na moja jioni

Nimeisuuza injini kwa maji matamu na kufuta kioo. Afisa anataka saa za maji ya miezi mitatu, ziandikwe vizuri, kabla ya Ijumaa. Nimeanza na Machi. Yule wa vani ameahidi kuleta saa za chai za hoteli anazobeba wageni wake, tuziweke kando kwa kando tuone siku ngapi zitagongana.