Kipande cha Kiazi na Mstari wa Sifuri

Wiki iliyopita niliwafundisha wanafunzi wangu wa kidato cha tano osmosisi, yaani maji kupita kwenye utando wa seli, kwa kuanza na kisu na viazi mviringo, kabla ya kuandika maana yake ubaoni. Tulitayarisha mimumunyo sita, kuanzia maji matupu hadi ule wa moli 1 (kipimo cha kiasi cha dutu) kwa lita, ambao huhitaji gramu 342 za sukari. Viazi tulivimenya, kwa kuwa ganda huzuia maji kupita, tukavikata vipande vyembamba, tukavipima na kuviloweka kwa dakika 45.

Kipande cha maji matupu kilitoka kigumu, na ukikikunja kinakatika mara moja. Cha mmumunyo mkali kilijipinda kidoleni kama kamba ya mpira. Mwanafunzi mmoja alisema kwa uhakika kwamba sukari ndiyo iliyoingia ikakilainisha. Mizani ilimkatalia, kwa maana kipande kilikuwa kimepungua uzito. Kilichotokea ni maji kutoka, kama vile vitunguu vya kachumbari vinavyochuruzika vikishatiwa chumvi.

Lililotuchukua muda mrefu zaidi ni potensheli ya maji, yaani kipimo cha nguvu ya maji kusogea, ambacho huhesabiwa kwa kilopaskali, na namba zake hasi. Maji safi yaliyo wazi hewani yamepewa sifuri, na kila sukari inapozidi kuyeyuka ndani yake, namba hiyo hushuka chini ya sifuri. Maji husogea kutoka penye potensheli kubwa kwenda penye ndogo, na -200 ni kubwa kuliko -700. Darasa zima linaijua kanuni hiyo katika hisabati, lakini wakifika maabara wengi huigeuza, na nadhani sisi walimu tunachangia kwa kuipita haraka.

Mabadiliko ya uzito tuliyaweka katika asilimia, kwa sababu gramu 0.2 ni asilimia 10 ya kipande cha gramu 2, lakini ni asilimia 5 tu ya kipande cha gramu 4. Katika grafu, mstari ulikata sifuri karibu na moli 0.3 kwa lita, mmumunyo ambao hatukuwa tumeutayarisha kabisa. Hapo kiazi hakipati maji wala hakipotezi. Kwa joto la nyuzi 20 za Selsiasi, 0.3 mara 8.31 (namba thabiti ya gesi) mara 293 (joto hilo katika kelvini) ni takribani 730, hivyo potensheli ya maji ya kiazi chetu ilikaribia kilopaskali -730.

Kundi moja, hata hivyo, lilipata ongezeko kwenye moli 0.4, mahali ambapo uzito ulipaswa kupungua. Niliwaomba wanionyeshe walivyopima: kipande kilitolewa kwenye bika na kuwekwa moja kwa moja juu ya mizani, kikidondosha maji. Tone moja lina takribani gramu 0.05, yaani asilimia 2.5 ya kipande cha gramu 2, na matone mawili matatu yalitosha kuficha upungufu wote. Walirudia jioni kwa vipande vipya, wakapangusa kila upande kwa karatasi bila kukamua, na nukta yao ikaangukia chini ya sifuri.