Toronto Gizani, Agosti 2003

Mwaka 2003 nilikuwa nikiishi Thorncliffe Park, mtaa wa maghorofa marefu uliojengwa mahali palipokuwa zamani na uwanja wa mbio za farasi, karibu na bonde la mto Don mjini Toronto. Wakati huo karibu nusu ya wakazi wa jiji hilo walikuwa wamezaliwa nje ya Kanada. Katika ghorofa yetu ya 14 walikaa watu wa Karachi, Kabul, Manila, Gujarat, Mwanza na mimi wa Tanga, pamoja na mzee mmoja wa Newfoundland ambaye, miongoni mwetu watu wazima, ndiye peke yake aliyezaliwa katika nchi ile. Lakini kukaa ukuta kwa ukuta si kujuana. Nilijua mlango upi hukaanga vitunguu alfajiri na upi una watoto wangapi, kwa kuhesabu viatu vilivyoachwa nje. Majina ya wenye viatu sikuyajua, kwa kuwa ndani ya lifti kila mtu alitazama namba za ghorofa mpaka afike kwake.

Miezi michache kabla, ugonjwa wa SARS ulikuwa umetutenga zaidi. Uliingia mjini ukitokea Hong Kong, ukaua watu 44 nchini Kanada, na wengi wa walioambukizwa waliupata hospitalini. Migahawa ya Wachina ilikosa wateja, hata ile ambayo hakuna mgonjwa aliyekanyaga. Jirani yetu Mfilipino, ambaye alikuwa muuguzi, akawa akipanda lifti peke yake, maana watu walipomwona na sare zake walirudi nyuma wakasema wangesubiri nyingine. Mwanamke yule alikuwa akirudi kuuguza watu wa mji huohuo. Jambo lile liliniuma, na miaka yote hii halijaacha kuniuma.

Ndipo ikaja tarehe 14 Agosti. Muda mfupi baada ya saa kumi alasiri, umeme ulikatika katika sehemu kubwa ya Ontario na majimbo kadhaa ya Marekani, na watu wapatao milioni 50 wakabaki bila umeme. Baadaye tuliambiwa kwamba nyaya zilikuwa zimegusa miti huko Ohio, na mfumo wa kompyuta uliopaswa kuwaonya wasimamizi ulikuwa umekwama, hata hitilafu ya mahali pamoja ikasambaa kote. Siku ile hatukujua lolote. Treni za chini ya ardhi zilisimama, tramu zikabaki barabarani, na kwenye makutano raia wa kawaida waliingia katikati wakaongoza magari kwa mikono. Nilitoka kazini kwa miguu pamoja na umati, nikavuka daraja kubwa la Bloor na kuingia Danforth, ambako Wagiriki wenye mikahawa walikuwa wakigawa aiskrimu bure kabla haijayeyuka, kisha nikashika barabara ya Pape hadi nyumbani.

Nilipanda ngazi kwa kupapasa ukuta. Nilipofika ghorofani kwetu maji yalikuwa yamekwisha kukatika, kwa sababu katika majengo marefu kama yale maji hupandishwa na pampu za umeme. Nje ya mlango wangu nilikuta ndoo mbili zimejaa, zimefunikwa kwa sahani. Aliyeziweka alikuwa mama wa Kiismailia, mzaliwa wa Mwanza, ambaye familia yake ilihamia Kanada baada ya majumba yao kutaifishwa mwaka 1971.

“Shikamoo, mama,” nikamwambia.

“Marahaba, mwanangu. Taa zilipozimika tu nikajua na maji hayatachelewa. Nimegonga milango yote, wajaze kila chombo. Wewe hukuwepo, nikakujazia.”

Alikuwa kweli amegonga milango yote, hata ile ambayo hakuwahi kusalimiana na wenyewe. Wa Karachi na wa Kabul hawakuhitaji kuelezwa. Walikuwa wamekwisha kujaza mahodhi ya kuogea, sufuria na hata chupa za soda. Mzee wa Newfoundland alihitaji kuelezwa, naye alisikiliza kwa adabu kubwa. Alikuwa na kitu ambacho sisi wengine hatukuwa nacho, redio ya betri, akaileta ujiani, akaketi juu ya kiti cha kukunja, nasi tukamzunguka.

Ilikuwa bado haijatimia miaka miwili tangu mashambulio ya Septemba 11, na neno la ugaidi lilikuwa midomoni mwa watu tangu mchana. Kijana wa Kabul alisimama karibu na redio, mtoto begani, akauliza kwa sauti ya chini kama wamesema ni nani aliyefanya. Hakuuliza ni nini kilichotokea. Mtangazaji aliporudia kwamba wakuu wa serikali hawakuona dalili za ugaidi, mkewe aliegemea ukuta akafunika uso kwa ushungi kwa muda, kisha akaingia ndani akatoka na nyama yote iliyokuwa kwenye friji. Mumewe aliiteremsha hadi kwenye majani mbele ya jengo, ambako watu walikuwa wamewasha majiko ya mkaa, na usiku ule tulikula mishikaki ya Kiafghani kwa chapati za Kigujarati.

Muuguzi alifika usiku, baada ya kutembea kutoka hospitalini. Mama wa Mwanza alimpa chai na kiti. Mzee, ambaye alikuwa na kisukari, alimwonyesha kichupa chake cha insulini akiwa na wasiwasi kwamba friji haifanyi kazi. Akakitazama kwa mwanga wa tochi, akamweleza kwamba dawa aliyokwisha kuifungua haitaharibika kwa kukaa nje usiku mmoja, ila aiweke mbali na joto, kisha akapima mapigo yake ya moyo bila kuombwa. Watu waliokuwa wakimkimbia lifti walisogea wampishe nafasi.

Mwaka 1971, mwaka uleule familia ya mama yule ilipopoteza nyumba, serikali ya Kanada ilitangaza sera yake ya tamaduni nyingi, na tangu hapo mji hupenda kujisifu kwa ngoma, mavazi na vyakula vya mataifa. Ni vizuri, lakini nadhani kilicho kikubwa zaidi hakionyeshwi kwenye sherehe. Watu wanahama na ujuzi wao wote, pamoja na ule walioupata kwa shida, na aliyeishi miaka mingi na mgao wa umeme anajua mambo ambayo mji tajiri hauyajui.

Umeme uliporudi, lifti nayo ilirudi kufanya kazi, na milango mingi ikafungwa kama kawaida. Kijana wa Kabul na familia yake walihama kabla ya mwaka kwisha, wala sikujua walikokwenda. Mzee wa Newfoundland alimpa muuguzi ufunguo wa akiba, na kila Jumapili asubuhi, kabla ya kwenda kanisani, muuguzi alipita kwake kumpima sukari.