Mmea wa jamii ya karoti huko mlimani? Usiupe jina kabla haujazaa

Kuna mimea ukiiona tu unaitaja jina, halafu kuna hii ya jamii ya karoti, Apiaceae, ipo kama spishi 3,700 duniani na ukiitazama kwa mbali utadhani yote mama mmoja baba mmoja. Majani yamechanikachanika, maua meupe madogomadogo yamejipanga mwavuli, shina mara nyingi lina uwazi ndani, basi mtu anapiga picha moja ya maua kwa juu anakuuliza hii nini. Mi picha ya hivyo siijibu, na sio maringo, ni kwamba jibu haliko pale.

Na hapa kubahatisha kuna gharama. Familia hiihii ndo ya karoti, giligilani, bizari nyembamba na shamari, na humohumo yumo Conium maculatum, mmea wa sumu unaoaminika ndio alionyweshwa Socrates, mwanafalsafa wa Ugiriki, mwaka 399 kabla ya Kristo. Sumu yake, koniini, inalegeza misuli polepole mpaka ile ya kupumulia. Cicuta nayo, mmea mwingine wa familia hii, inaleta degedege kali, mzizi wake ukiupasua kwa urefu unakuta vyumbavyumba na majimaji ya njano. Kwa hiyo ile tabia ya kuonja kidogo ili kusikilizia, acha kabisa, watu wameshakufa wakidhani wanakula mzizi wa mmea mwingine wa ukoo huu.

Majuzi nimekaa na mmea mmoja wa ukoo huu kwenye mawe pembeni ya kijito, juu huko ambako miti imeshaisha, urefu wake magotini tu. Urefu wenyewe mi huwa siuhesabu sana maana baridi na upepo vinafupisha kila kitu. Nikaanza na shina: lina mifereji, lina vinywele vifupi kuelekea chini, halina madoa. Conium shina lake halina nywele hata moja na lina madoa ya zambarau, ila madoa yenyewe wakati mwingine yamefifia, kwa hiyo kukosekana kwake peke yake hakukupi ruhusa ya kutulia. Kikonyo cha jani kwa chini kimepanuka kikawa ala inayolikumbatia shina, hiyo ni ya familia nzima karibu, inakuambia uko nyumba sahihi lakini chumba bado.

Sasa geuza ua chini juu. Hapa ndo watu wengi hawaangalii. Pale njiti za mwavuli zinapokutana kunaweza kuwa na vijani vidogo, na chini ya kila kimwavuli (mwavuli mkubwa umeundwa na vidogovidogo) tena kuna vingine, au hakuna kitu. Karoti mwitu vile vya mwanzo vimegawanyika vyembamba kama uzi. Conium vile vya kimwavuli viko upande wa nje tu. Aethusa, ndugu mwingine wa ukoo huu, vinaning'inia virefu kuelekea chini, ukiviona mara moja huvisahau. Wangu pale njiti zinapokutana hakuwa na kitu na kwenye vimwavuli alikuwa na vichache vyembamba, ambayo kusema kweli haikunisaidia sana.

Harufu je? Harufu tamu haimaanishi mmea ni salama, na isitoshe ukishasugua jani moja vidole vinabaki navyo, unaponusa mmea wa pili unanusa ule wa kwanza. Conium wanasema inanuka panya, ni kweli inanuka vibaya, lakini nisingependa uhai wangu utegemee pua yenye mafua.

Tunda ndo lenyewe. Likikomaa linagawanyika vipande viwili, kila kimoja kinaning'inia kwenye kijiti chembamba, na hapo tofauti zinajitokeza zenyewe bila ubishi: karoti mwitu lina miiba, Conium ni la mviringo wa yai lenye mbavu zilizopindapinda mawimbi. Wangu yalikuwa bapa, kingo zake zimetandaza bawa jembamba la kupitisha mwanga, na kwenye lenzi unaona mistari myeusi ya mifereji ya mafuta ikishuka kati ya mbavu. Basi Conium ikatoka palepale, nikabaki na upande wa kina Angelica, Heracleum na Peucedanum, makundi mengine ya familia hiihii, na hapo ndo unafungua kitabu cha mimea cha eneo husika, sio programu ya simu, kwa sababu programu inaangalia picha yako na picha yako haina tunda.

Kina Heracleum uwashike na glavu. Utomvu wake ukigusa ngozi halafu jua likapiga, siku moja au mbili baadaye unatoka malengelenge, na ngozi inaweza kubaki na alama muda mrefu.

Ukitaka mtaalamu akusaidie, kama mmea upo kwa wingi na sehemu hiyo inaruhusiwa kuchukua, peleka jani la chini kabisa (lile la juu huwa tofauti), kipande cha shina, mwavuli wenye maua na mwingine wenye matunda. Andika mwinuko, udongo, na rangi ya ua likiwa bichi maana likikauka linageuka. Matunda yatie kwenye kibahasha chake pembeni, yakikauka yanapukutika yote, na ukifika hebariamu, pale wanapohifadhi mimea iliyokaushwa, bila matunda watakuambia urudi mlimani.