Siku moja maishani mwangu: fundi wa maabara ya fizikia, juma la mawimbi na nuru

Wanaopita mlangoni huniona nikifuta meza, wakadhani kazi yangu ni kufuta meza. Hii hapa siku yenyewe.

Saa 1:00 asubuhi. Nachemsha lita moja ya maji na kuyaacha yapoe yakiwa yamefunikwa. Ni ya flaski ya upinde wa mvua. Maji ya bomba yakitiwa hivihivi huachia hewa kadiri yanavyopata joto la chumba, na viputo hujibandika kwenye kioo upande wa nyuma, palepale nuru inapoakisiwa.

Saa 2:00. Meza ya mawimbi yaliyosimama, yaani uzi unaotetemeshwa hadi mawimbi yake yaonekane yametulia mahali pamoja. Napima uzi wa mita 10 kwenye mizani: gramu 10, yaani gramu 1 kwa kila mita. Ukipima kipande cha mita moja kwenye mizani inayosoma sehemu ya kumi ya gramu, tayari una shaka ya asilimia 10 kabla hujaanza. Naning'iniza gramu 200 (kining'inio chenyewe kikihesabiwa humo), mvutano unakuwa niutoni 1.96 na wimbi linakwenda karibu mita 44 kwa sekunde. Kutoka kitetemeshi, kifaa kinachoutikisa uzi, hadi kwenye roda ni mita 1, kwa hiyo tumbo moja (sehemu ya uzi inayovimba ikitetemeka) linatokea kwenye 22 Hz, yaani mitetemo 22 kwa sekunde, mawili kwenye 44, matatu kwenye 66. Yasipotokea, angalia roda iliyokauka mafuta, uzito unaobembea, au fundo linaloteleza. Na punguza nguvu ya kitetemeshi: uzi ukirushwa sana unavutika, mvutano unapanda, na masafa (idadi ya mitetemo kwa sekunde) uliyoyatafuta yanahama huku ukiyatazama. Anayetaka masafa mara mbili aweke gramu 800, si 400. Nalisema hili kila darasa linapoingia.

Saa 4:00. Bomba la kioo la kipenyo cha sm 4, limezamishwa kwenye mtungi mrefu wa maji, na uma wa sauti, chuma chenye meno mawili kinacholia sauti moja, huu wa 512 Hz. Uma unagongwa kwenye mpira, kamwe si kwenye ukingo wa meza. Chuma kikigonga mbao hutoa sauti nyembamba za juu zinazomchanganya msikilizaji, na meno ya uma huharibika. Chumba kikiwa na joto la digrii 25, sauti inakwenda mita 346 kwa sekunde, na robo ya wimbi, urefu wa hewa ambao bomba lingetakiwa kuvuma kwa mara ya kwanza, ni sm 16.9. Lakini bomba linavuma hewa iliyomo ikiwa sm 15.7. Wimbi haliishii mdomoni mwa bomba. Linachomoza nje kidogo, kama 0.6 ya nusu-kipenyo, yaani sm 1.2. Dawa ni kutafuta mvumo wa pili, sm 49.5, kisha kutoa. Tofauti ni sm 33.8, nusu kamili ya wimbi, na kile kipande cha mdomoni kimejifuta chenyewe.

Saa 6:00 mchana ndipo jasho linapoanza. Projekta nyuma, mita 5. Mbele yake ubao mweupe wenye tundu la sm 12. Mbele ya tundu, flaski ya mviringo yenye nusu-kipenyo cha sm 5, imejaa maji hadi shingoni. Nuru inapita tunduni, inapinda ikiingia majini, inaakisiwa nyuma, inapinda tena ikitoka, na kurudi ubaoni kama duara la rangi, nyekundu nje. Kamal al-Din al-Farisi, mwanasayansi wa Uajemi, alitumia tufe la kioo lenye maji namna hii karne ya 14, ila yeye hakuwa na mwalimu wa zamu ya mchana.

Maana mwalimu hupima. Kutoka katikati ya flaski hadi ubaoni ni sm 20, nusu-kipenyo cha duara ni karibu sm 24, anakokotoa pembe ambayo nuru inarudi nayo, anapata digrii 50. "Fundi, flaski yako mbovu. Kitabu kinasema 42." Nabadilisha flaski. Bado 50. Anaamua kupima kutoka usoni mwa kioo badala ya katikati, sasa ni sm 15, na jibu ni 58. Anadai projekta imepinda. Wanafunzi wameanza kupiga soga.

Flaski haina kosa. Tone la mvua liko mbali nawe mno, ukubwa wake hauhesabiki. Flaski iko sm 20 tu, na mwale unaotengeneza upinde hautokei katikati yake. Unatokea karibu na ukingo wa chini au wa juu, ukiongeza karibu sm 6 kwenye duara. Basi sogeza ubao hadi sm 40. Duara sasa ni sm 42. Toa 24, bakia 18. Gawanya kwa sm 20 ulizosogeza, 0.9, na hiyo ndiyo tangenti ya digrii 42. Ni hesabu ileile ya bomba la saa nne. Walioitumia asubuhi hawaikumbuki mchana, mwalimu akiwemo.

Kisha mwingine anauliza mbona duara halina rangi ya kati ya buluu na kijani. Projekta imewekwa taa ya LED, ambayo nuru yake ina upungufu wa rangi hiyo. Rudisha taa ya halojeni. Subiri ipoe kabla ya kuigusa.

Baada ya hapo saa sizitazami. Uzito unashushwa usiku usiuvute uzi. Uma za sauti zinafutwa jasho la vidole zisishike kutu. Flaski inainamishwa ikauke. Karatasi ya maombi ya kesho imeandikwa kwa haraka: wanataka upinde wa pili, ule wa digrii 51 wenye nyekundu ndani. Nuru yake imeakisiwa mara mbili na ni hafifu, na pazia la dirisha la kushoto lina mwanya wa vidole viwili. Pasipozibwa hawataona kitu, kwa hiyo natafuta gundi na karatasi nyeusi kabla ya kufunga.