Alama iwekwe kwenye tahadhari, si kwenye utani

Jumapili, saa tatu usiku.

Fungua kundi lolote la simu lenye watu mia na ushee saa kama hizi. Mmoja kaweka picha ya mwanasiasa aliyesinzia kikaoni, watu wamemwaga vicheko. Mwingine analia umeme umekatika akiwa katikati ya kunyoa, ndevu zimebaki upande mmoja. Wa tatu anamjibu kwamba huo ndio mgao wenyewe, nusu kwa nusu. Kisha unaingia mstari: "Jamani msipite darajani, kuna vijana wana mapanga wanasimamisha pikipiki." Anayefuata anaandika: "Wakikuta hela mfukoni mwangu waniambie, mimi mwenyewe sijui zilipo." Vicheko vinaendelea.

Nimekuwa nikiuwaza mstari ule wa darajani. Katika watu mia na ushee, huenda yupo mmoja aliye njiani kuelekea huko. Anasoma vicheko, anaamini ni masihara, anapita. Au mstari wenyewe ulikuwa masihara kweli, na yupo mama aliyeusoma akawafungia watoto ndani na kumpigia mumewe simu ishirini. Makosa yote mawili yanatoka mahali pamoja: sentensi ya utani na sentensi ya hatari zimevaa nguo moja.

Jibu la haraka la wasimamizi wengi ni kupiga marufuku utani. Silikubali. Utani juu ya wakubwa, juu ya nauli, juu ya maji yasiyotoka, ndiyo njia ambayo mtu wa kawaida anasema jambo ambalo akilisema kwa uso mkavu atanyamazishwa au atalia. Kundi lililonyang'anywa utani hufa baada ya wiki chache, watu wanalizima sauti, na siku tahadhari ya kweli ikija hakuna anayeisoma. Utani ndio unaowafanya watu wawe macho kwenye kundi.

Mvutano huu si mpya. Mwezi Septemba 1982, kwenye ubao wa matangazo wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon kule Pittsburgh, Marekani, watu walikuwa wakitaniana kuhusu fizikia: lifti ikikatika kamba, tone la zebaki lililo ndani litafanyaje? Mmoja akaandika tangazo la mzaha kwamba lifti ya kushoto imechafuliwa na zebaki na kuungua kidogo, na kwamba itakuwa imesafishwa kufikia Ijumaa saa mbili asubuhi. Waliolikuta tangazo hilo peke yake, bila mazungumzo yaliyotangulia, wakadhani ni onyo la kweli. Tarehe 19 Septemba, saa 5:44 asubuhi, mwalimu wa sayansi ya kompyuta Scott Fahlman akapendekeza alama :-) (itazame kwa upande, ni uso unaotabasamu) kwa ajili ya mizaha. Hiyo watu wanaikumbuka. Ambalo halisemwi sana ni aliloliongeza hapo hapo: akasema kwamba kwa jinsi mambo yanavyokwenda, pengine ni nafuu zaidi kuweka alama kwenye yale ambayo SI mizaha, na akapendekeza :-( kwa kazi hiyo.

Hapo ndipo ninaposimama. Mahali ambapo ujumbe tisa kati ya kumi ni soga, usihangaike kuzipaka soga rangi. Ipake rangi ile moja. Kundi likubaliane neno moja, tuseme TAHADHARI, liandikwe kwa herufi kubwa mwanzoni mwa ujumbe, na neno hilo lisichezewe na mtu yeyote, hata siku moja, hata na mchekeshaji anayependwa kuliko wote. Mengine yote yachekwe. Anayelichezea neno hilo mara ya kwanza aonywe, mara ya pili aondolewe haki ya kuandika. Bila ukali huo neno linakufa ndani ya mwezi: mtu ataandika "TAHADHARI, shemeji yangu amekuja na mifuko mitatu", watu watacheka sana, na mlango utakuwa umeshafunguka. Wahenga walisema mzaha mzaha hutunga usaha, na kwenye jambo hili moja nawaunga mkono bila masharti.

Neno peke yake halitoshi. Ujumbe wa hatari una viungo vyake, na kikipungua kimoja unachechemea. Nini kimetokea. Wapi, kwa jina ambalo mgeni anaweza kulipata, si "pale kwa kona". Lini, siku na tarehe na saa. Nani ameona. Msomaji afanye nini. Na mwandishi atarudi saa ngapi na taarifa nyingine. Mfano:

"TAHADHARI. Alhamisi tarehe 12, saa 2:15 usiku. Daraja la mtoni, upande wa stendi. Nimeona mwenyewe vijana wanne wakisimamisha pikipiki. Mliopo njiani zungukeni njia ya shule. Polisi wamepigiwa simu saa 2:20. Narudi na taarifa saa 3:00 usiku."

Saa ndiyo inayoharibika mara nyingi, na kwetu sisi tunaosema Kiswahili inaharibika maradufu. Simu inaandika 20:15, mdomo unasema saa mbili na robo usiku. Mtu akiandika "saa 2" tu, mmoja anaelewa saa mbili usiku, mwingine anaisoma kama saa ya simu na kuelewa saa nane usiku, wa tatu anafikiri saa nane mchana. Neno "usiku" au "asubuhi" halina gharama, liandikwe. Na "leo" ni neno baya kuliko yote kwenye ujumbe wa hatari. Ujumbe ulioandikwa Jumanne ukisema "leo usiku", ukizunguka hadi Ijumaa bado unasema "leo usiku", na kila anayeupokea anaogopa upya. Kuna maonyo yanayotembea hivyo mwaka baada ya mwaka kwa sababu hayakuwekewa tarehe.

Kisha kuna maneno matatu ambayo Kiswahili kinayatenganisha vizuri, ila tunayachanganya: nimeona, nimeambiwa, nimetumiwa. Aliyeona anaweza kuulizwa maswali. Aliyeambiwa anaweza kumpigia aliyemwambia. Aliyetumiwa hana kitu mkononi isipokuwa maandishi. Ningependa sheria iwe hivi: "nimetumiwa" hairuhusiwi kubeba neno TAHADHARI mpaka mtu wa kundi aliye karibu na eneo athibitishe. Ndiyo, itachelewesha dakika kumi. Kwa mtu aliyetumiwa, dakika kumi hazipotezi sana, kwa kuwa ujumbe wenyewe mara nyingi umeshazunguka saa kadhaa au siku kadhaa kabla ya kumfikia.

WhatsApp inatoa dalili moja ya bure: mshale mmoja juu ya ujumbe maana yake umesambazwa, mishale miwili maana yake umepita mikono mitano au zaidi. Tangu Aprili 2020 ujumbe wa mishale miwili unaweza kusambazwa kwa mtu mmoja au kundi moja tu kwa wakati. Lakini mshale unatokea tu pale mtu anapobonyeza kusambaza. Akinakili maandishi na kuyabandika, mishale inafutika na ujumbe unaonekana kama ameuandika mwenyewe. Kwa hiyo kukosekana kwa mshale hakuthibitishi lolote. Ishara nzuri zaidi ni lugha: mtu ambaye siku zote anaandika kwa mkato, mara leo ana aya tatu zenye nukta na mikato yote mahali pake. Hayo si yake.

Picha zina utaratibu wake. Ipakie kwenye Google Lens, kisha kwenye TinEye, zana za kutafuta picha ileile mtandaoni; TinEye inaweza kupanga matokeo kuanzia la zamani zaidi. Picha ya "leo" ikionekana mahali pengine miaka minne nyuma, kazi imekwisha. Isipopatikana, usiseme basi ni ya kweli. Jaribu kuigeuza kushoto kulia, maana wanaotaka kukwepa utafutaji huigeuza, au kata kipande chenye jengo tu na utafute hicho. Video ni hivyo hivyo: isimamishe mara tatu au nne, hasa panapoonekana bango, kibao cha gari au sare, piga picha ya skrini, tafuta kila moja. Sikiliza sauti kando na picha. Sauti ya vilio iliyobandikwa juu ya picha za mahali pengine ni jambo la dakika mbili kwa mtu mwenye simu. Na usitegemee kupata tarehe ndani ya picha iliyopitia WhatsApp, kwa kuwa picha ikitumwa kwa njia ya kawaida taarifa hizo huondolewa. Ukitaka zibaki, mwombe aliyepiga aitume kama faili.

Picha ya skrini ya habari ya siasa ndiyo inayonisumbua zaidi. Kwenye kompyuta mtu anafungua tovuti ya habari, anabonyeza F12, kitufe ambacho kwenye kompyuta nyingi hufungua maandishi ya ndani ya ukurasa, anabadilisha kichwa cha habari herufi kwa herufi, anapiga picha. Tovuti yenyewe haijaguswa. Nembo ni ya kweli, mwandiko ni wa kweli, maneno ni ya uongo. Dawa yake ni kwenda kwenye tovuti yenyewe na kutafuta kichwa kile. Kadi za nukuu za viongozi ni hivyo hivyo, na hapa utani una mchango wake: mtu anatengeneza nukuu ya kuchekesha, anaandika kwa herufi ndogo chini kwamba ni mzaha, mtu wa tatu anaikata ile sehemu ya chini, na kufikia jioni watu wanagombana juu ya maneno ambayo kiongozi hakuyasema. Anayetengeneza kadi ya mzaha aandike neno "mzaha" katikati, juu ya picha yenyewe, pasipokatika.

Ujumbe wa sauti hauna picha ya kutafuta wala bango la kusoma. Mara nyingi huanza "ndugu zangu, kaka yangu anafanya kazi huko ndani…", bila jina, bila siku, bila mahali. Andika sentensi moja ya pekee uliyoisikia, itafute ndani ya alama za nukuu. Sauti hiyo ikiwa ya zamani, huenda kuna mtu ameshaiandika mahali.

Kuna wanaojibu yote haya kwa methali: lisemwalo lipo, kama halipo laja. Naiheshimu methali hiyo, lakini haikutungwa kwa ajili ya picha ya mtu yenye maandishi "huyu ndiye mwizi wa watoto". Julai 2018, kijiji cha Rainpada, jimbo la Maharashtra nchini India, wanaume watano waliokuwa wapita njia waliuawa na umati uliokuwa umejaa hofu ya wezi wa watoto. Mojawapo ya video zilizochochea hofu hiyo India mwaka ule ilikuwa kipande cha tangazo la kuelimisha kuhusu usalama wa watoto lililotengenezwa Karachi, Pakistan. Mwishoni mwake mtoto alirudishwa. Mwisho huo ndio uliokatwa. Aprili 2013, baada ya mabomu ya mbio za marathoni za Boston, watu kwenye mtandao wa Reddit walimtaja kijana asiyehusika kuwa mshukiwa. Alikuwa ametoweka tangu mwezi mmoja kabla, na baadaye alipatikana akiwa amefariki. Mtandao huo uliomba radhi hadharani. Hao wote waliosambaza hawakuwa wakatili. Wengi walidhani wanasaidia.

Kwa hiyo uso wa mtu usiwekwe kwenye kundi kama mshukiwa. Upelekwe kwa wahusika wa usalama, kundi liambiwe umepelekwa. Wala mtu asiandike wapi askari wamejificha au familia gani imekimbilia nyumba gani, hata kwa nia njema. Kundi la watu mia huwezi kujua nani anamsomea nani.

Upande wa mipangilio nasema kwa kifupi. Tenga makundi mawili, moja la soga na moja la tahadhari ambalo wasimamizi watatu au wanne tu wanaweza kuandika, wanaokaa mitaa tofauti. Mmoja hatoshi, atalala. Na mwandishi akikosea, ajue ana dakika 15 za kuhariri ujumbe wake kwenye WhatsApp na takriban siku mbili za kuufuta kwa wote, ila nakala zilizokwisha kusambazwa hazibadiliki wala hazifutiki. Ndiyo maana kufuta kimya kimya si masahihisho.

Kusahihisha ni kazi ya adabu. Aliyetuma akiwa mkubwa, usimjibu mbele ya watu mia. Atatetea heshima yake badala ya kutazama picha. Mwandikie pembeni: "Shikamoo shangazi. Ile video ya jana nimeitafuta, ni ya zamani, na si ya hapa kwetu. Nimeona nikuambie wewe kwanza. Ukiandika wewe mwenyewe kwenye kundi watakusikiliza kuliko mimi." Mara nyingi ataandika. Na masahihisho yaanze na lililo kweli, "Daraja liko wazi, hakuna tukio", kabla ya kutaja uongo, kwa sababu wengi husoma mstari wa kwanza tu. Yajibiwe juu ya ujumbe ule ule wa mwanzo, ili anayepanda juu kuutafuta akutane nayo.

Ujumbe unaosahaulika kuliko wote ni ule wa kufunga. Saa 3:00 usiku iliyoahidiwa inafika, aliyeandika tahadhari yuko salama nyumbani, amerudi kwenye utani wa siasa. Lakini kuna mtu bado amekaa stendi na mzigo wake, anaangalia simu kila dakika, chaji imebaki asilimia nne. Anangoja mstari mmoja tu: "TAHADHARI ya darajani imekwisha, saa 3:05 usiku, nimepita mwenyewe."