Mie sina kichwa cha hesabu

Jumatatu niliwapa watoto wa kidato cha pili, katika skuli ninayosomesha hapa Wete, Pemba, wajumlishe 3/4 na 2/5. Binti mmoja akajumlisha kiasi kwa kiasi, asili kwa asili, akapata 5/9. Nikamtilia kosa. Akafunga daftari. "Mwalimu, mie sina kichwa cha hesabu. Kwetu sote hatuna." Dakika tatu zilikuwa hazijafika.

Baada ya laasiri nikaenda chuoni kumchukua mwanangu, nikamkuta binti yule yule jamvini, anahifadhi Suratul Mulk. Sura ile ina aya 30. Akakwama, ustadh akamsahihisha, akarudi mwanzo. Akakwama tena, akarudi tena. Sikuhesabu, ila alirudia sana, na wala sikumsikia akisema kwao hawana kichwa cha Kur-ani. Chuoni kila mtu anajua kwamba kurudia ndiyo kusoma kwenyewe.

Usiku ule sikulala vizuri. Mwaka 1993 Marlene Schommer, mtafiti wa Marekani, alichapisha matokeo ya wanafunzi wa sekondari zaidi ya 1,000: kadiri mwanafunzi alivyoamini kwamba jambo ama unalielewa papo hapo ama hulielewi abadan, ndivyo alama zake zilivyokuwa za chini. Nililisoma hilo zamani nikidhani linawahusu wanafunzi. Kumbe mie ndiye ninayewapigia makofi wanaomaliza mwanzo! Miaka yote hii nimekuwa nikiwafundisha kwamba wepesi ndio akili.

Sisemi imani peke yake itampasisha mtoto. Uchambuzi wa mwaka 2018 uliokusanya tafiti nyingi kuhusu imani kwamba akili hukua, ile anayoieleza mwanasaikolojia wa Marekani Carol Dweck, ulikuta uhusiano wake na alama ni mdogo. Sishangai. Mtoto wa hapa anasomeshwa hesabu kwa Kiingereza, na msimu wa karafuu ukiingia, wengine siwaoni darasani kwa wiki nzima. Hayo hayaondoki kwa kuamini tu. Lakini lile la kufunga daftari kwa kosa moja liko mikononi mwangu.

Jumanne nikamwita ubaoni kwa hesabu ile ile. Nikamwambia tutaisoma kama chuoni. Akatafuta asili moja, 20, kisha akakosea kwenye 2/5. Akafuta. Akakosea tena. Mara ya tatu akafuta mwenyewe kabla sijasema kitu, akanigeukia na chaki mkononi.

"Nirudi mwanzo, mwalimu?"

"Rudi mwanzo, mwanangu."