Lumpia zangu sasa hazipasuki

Hatimaye! Wiki tatu nzima lumpia zangu (roli za Kifilipino za manda, zenye nyama na mboga ndani) zilikuwa zinapasukia kwenye mafuta, na zilizopona zinalegea kabla hazijafika mezani. Nilibadilisha manda, nikaongeza moto (nje zikaungua, ndani mbichi), nikafunga ncha kwa yai badala ya maji. Wapi!

Dada wa Kifilipino ninayefanya naye kazi hapa Muscat alichungulia bakuli langu, akacheka. Maji. Karoti na kitunguu nilivichanganya na nyama ya kusaga vikiwa vinachuruzika. Sasa navikwangua, natia chumvi kidogo, nangoja dakika 10, halafu navikamua kwa kitambaa hadi tone la mwisho. Hutoka maji huwezi kuamini! Nakunja nyembamba kama kidole, nakaza, nakaanga moto wa kati. Kwao huweka nguruwe; mimi kuku.